Mzee wa regulata kongwe, Kunduchi: safari hii mshale ulitulia

Regulata ya marehemu baba, kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi, ni Scubapro Mk5 yenye hatua ya pili (sehemu ya mdomoni) R109, ile ya kasha la chuma na kirungu cha kuzungusha ubavuni. Mk5 zilianza kuuzwa 1970. Ya kwake aliinunua mkononi kwa baharia, enzi anazamia kukwangua matumbo ya meli bandarini. Kila mtu ananiambia ninunue mpya. Sitaki. Mwili wake ni shaba iliyopakwa kromu, vinavyochoka ni mipira na siti tu (kipande laini kinachoziba hewa ndani), na pumzi yake laini kuliko nyingi nilizowahi kuazima.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mwingine hapahapa mjini. Ilirudi inang'aa kama sufuria mpya. Wiki moja baadaye, mita 12 chini, upande wa kisiwa cha Mbudya, ikaanza kutoa mapovu yenyewe, tena yakizidi. Nilimshika mwenzangu mkono tukapanda polepole, salama. Nilikasirika mno. Chombo kinachonipa pumzi si cha kung'arishwa nje kikaachwa ndani.

Wavuvi wa Kunduchi ndio walionielekeza kwa huyu mzee. Karakana iko uani kwake, njia ya mchanga, bango hakuna. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Mwanangu, inasumbua nini?" Kabla sijamaliza kusimulia alishaifunga kwenye mtungi na kuchomeka geji kwenye mpira wa presha ndogo.

Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, kazi yake ni kuishusha presha ya mtungi, bar 200 (bar ni kipimo cha presha) ukiwa umejaa, hadi 9 au 10 hivi. Mshale ulisimama 9.5. Halafu ukaanza kutambaa. 10. 11. Ulipokaribia 12 hatua ya pili ikashindwa kuizuia hewa, ikaanza kufoka. "Siti imeliwa," akasema. Kumbe yule wa kwanza hakuwahi kuigusa!

Aliifungua mbele yangu, juu ya kitambaa cheupe. Chujio la kuingilia hewa lilikuwa limegeuka kijani, dalili kwamba maji ya chumvi yalishapita. Akaniuliza ninavyoisuuza. Nikamwambia huwa naiweka kwenye ndoo na kubonyeza kile kitufe cha mbele ili chumvi itoke. Akatikisa kichwa: kama haina presha, kubonyeza kunafungua valvu na maji yanapanda kwenye mpira. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia.

Vyuma alivilowesha kwenye siki na maji ya uvuguvugu, dakika chache tu, maana vikikaa sana kromu inabanduka. Oringi za zamani, vile vipete vya mpira vya kuzuia hewa isivuje, alizichokoa kwa kijiti cha shaba. Sindano ya chuma, anasema, inachora mkwaruzo usioonekana na hewa inapita hapohapo. Ukingo wa pistoni, ule unaobana kwenye siti, aliukagua kwa lenzi, akiuzungusha taratibu, muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Ukingo huo ukiwa na pengo, siti mpya haisaidii kitu.

Vipuri ndivyo vilivyonichosha: wiki 3 kuvisubiri kutoka nje, na simu yake mara nyingi haipokelewi. Risiti pia hana. Niliomba aniandikie alichobadilisha, akaandika kwenye karatasi ya daftari. Nililipa shilingi 150,000 pamoja na vipuri. Siti na oringi za zamani alinirudishia kwenye kifuko, jambo ambalo kila fundi angepaswa kulifanya.

Siku ya kuichukua alinikalisha mbele ya geji. 9.5, dakika 10, mshale haukutikisika. Akabadilisha mtungi, akaweka uliobaki bar 50: karibu palepale, kama inavyotakiwa kwa pistoni ya Mk5. Mwisho akaishusha hatua ya pili kwenye beseni, mdomo ukiangalia juu, taratibu, hadi hewa ilipoanza kusikika ikiwa imezama kama sentimita 2 na nusu. Akakaza kidogo, akajaribu tena, akaridhika.

Nimeshazamia nayo mara 6, Mbudya na Sinda, bila povu hata moja la ziada. Ukienda, mpelekee jina la modeli mapema ili aagize vipuri, na usiende Ijumaa mchana, hufunga.