Mkanda wa nyuso mbili kutoka Kamalondo: miezi minne kiunoni

Nimeuvaa mkanda huu tangu mwisho wa Julai: siku tano za wiki darasani, Jumapili kanisani, na harusi tatu katikati. Umenyeshewa, umekaliwa kwenye basi la Likasi, umefunguliwa kwa haraka mara nisizoweza kuhesabu. Sasa naweza kuusema.

Ni mkanda wa kike wa kugeuza, mukaba kama tunavyouita hapa Lubumbashi. Upande mmoja mweusi, upande wa pili kahawia, upana sentimita 3, na bizimu la shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Umetengenezwa na fundi wa ngozi mwenye kibanda Kamalondo. Bizimu linafuliwa na mdogo wake. Nilitoa dola 18, sehemu kwa dola na nyingine kwa franka. Kwa mshahara wa mwalimu wa Katuba hiyo si hela ndogo. Lakini mwaka uliopita nilinunua mitatu kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kwa dola 5 kila mmoja, na yote ilibambuka kwenye matundu kabla ya muhula kwisha. Ngozi yake ilikuwa plastiki iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu.

Kilichonifanya nimwamini fundi huyu ni kwamba nilipimwa mara mbili. Mama anayefanya naye kazi alinizungushia utepe kiunoni, pale gauni linapobana: sentimita 78. Akashuka hadi pale suruali yangu ya shule inapokaa, karibu na nyonga: 91. Akaviandika vyote viwili kwa chaki kwenye meza, akamwonyesha fundi, na fundi akasema, "Basi matundu tano haitatosha, mama."

Nilimwomba anieleze. Mkanda wa kawaida una matundu 5 yaliyoachana sentimita 2.5, kwa hiyo kutoka la kwanza hadi la mwisho ni sentimita 10. Tofauti ya kiuno changu na nyonga yangu ni 13. Ukinikaa kwenye suruali, utanipwaya kwenye gauni. Ukinikaa kwenye gauni, hautafika kwenye suruali. Alitoboa 7, ikawa sentimita 15. Hesabu ndogo tu, lakini sijawahi kuona duka lililoifanya. Mikanda ya kugeuza inayopita mikononi mwetu mjini imefikiriwa kwa mwanamume, ambaye mkanda wake unakaa mahali pamoja kila siku, hubadilika rangi tu. Sisi tunaugeuza rangi na kuuhamisha mwilini siku hiyohiyo: mweusi nyongani asubuhi, kahawia kiunoni jioni juu ya gauni la kikwembe, yaani kitenge. Anayebuni mkanda wa mwanamke aanzie hapo, kabla hata hajachagua ngozi.

Ukiubana kiunoni, mkia unabaki mrefu, na mkia mrefu unahitaji kitanzi cha kuushika. Kuhusu kitanzi nilikuwa sijawahi kuwaza chochote mpaka nilipokishika hiki. Kitanzi kinauzunguka mkanda, hivyo kikiwa cheusi chote, utakapogeuza upande wa kahawia kitabaki cheusi mbele ya watu. Huyu alikata nusu ngozi nyeusi, nusu kahawia, akaziunganisha kwenye kingo mbili za mkanda, juu na chini. Nusu nyeusi inalala juu ya uso mweusi, nusu ya kahawia juu ya uso wa kahawia. Ukigeuza mkanda, kitanzi kinageuka nao. Mishono ya maungio ni midogo, minne kila upande, na mpaka leo hakuna uliolegea. Kila ninayemwonyesha anakitazama kitanzi kwanza, akiniuliza kimeingiaje.

Bizimu linageuka kwa springi. Unalivuta kidogo, unalizungusha nusu duara, unaliachia, linarudi mahali pake kwa mlio mdogo. Katika wiki za kwanza lilikuwa gumu, vidole vikaniuma. Sasa ni sekunde tatu, hata kwenye giza la asubuhi umeme ukiwa umekatika.

Nilimuuliza kwa nini hakuukata kwa upinde, kama ile mikanda inayofuata umbo la nyonga, maana mkanda ulionyooka hufunguka kidogo kwa juu ukiuvaa chini. Akachukua karatasi ngumu ya katoni, akakata upinde kwa kisu, akanipa nijizungushie. Ukingo mrefu ukiwa chini, ulinikaa vizuri sana. "Sasa geuza," akasema. Nikaugeuza kama ninavyougeuza wangu, juu kuwa chini: ukingo mrefu ukapanda juu, katoni ikanitoka mwilini kama sahani. Nikajaribu njia ya pili, kuupindua ndani nje huku chini ikibaki chini. Ukakaa sawa, lakini kichwa cha mkanda kilikuwa kimehamia mkono wa pili, na mkia ukaelekea upande usiouzoea. Inawezekana kuvaa hivyo, ila kila siku ungelazimika kufunga kwa mkono mwingine. Nilichagua ulionyooka. Angeweza kunijibu kwa neno moja tu, lakini alitumia dakika kumi na katoni nzima kwa ajili ya mteja mmoja. Hilo nimelithamini kuliko ngozi yenyewe.

Sasa makosa, maana yapo.

La kwanza lilikuwa ulimi wa bizimu. Wiki ya tatu, nikiwa njiani kwenda harusi ya binamu yangu Likasi, ulimi ulipinda nilipokuwa nashuka kwenye basi, nikaingia ukumbini nimeshika mkanda kwa pini. Niliporudi Kamalondo fundi alitazama mara moja tu. Fremu ya bizimu ilikuwa imefuliwa, na shaba ikipigwa nyundo huwa ngumu. Ulimi lakini ulikatwa kutoka kwenye waya wa zamani uliochomwa ili kuondoa plastiki, na shaba iliyopita motoni hulainika. "Mama, hii iko teketeke, ni kosa yangu," akasema, akaweka ulimi wa chuma papo hapo bila kunitoza kitu. Tangu hapo haujapinda. Kama mtaagiza wenu, ombeni ulimi wa chuma tangu mwanzo, hata kama rangi yake haifanani na shaba. Hakuna anayeuona.

La pili limeniuma zaidi, kwa sababu halirekebishiki. Mkanda wa kawaida una rangi nje tu. Ndani ngozi imeachwa ilivyo. Wa kugeuza una rangi pande zote mbili, na upande usioonekana ndio unaosugua nguo yako mchana kutwa. Mnajua Oktoba ya Lubumbashi, mvua haijaanza na joto limeshafika mwisho wake. Jumapili moja ya mwezi huo niliuvaa upande wa kahawia nje, juu ya gauni langu la kikwembe cha rangi ya maziwa, lenye ndege wa buluu, nililoshonewa na mama yangu. Ibada ilikuwa ndefu, tuliimba, tukacheza wakati wa matoleo, nikatoka jasho. Nilipovua mkanda nyumbani, palikuwa na mstari mweusi kuzunguka kiuno chote, sawasawa kama umepigwa rula, na kwenye kila tundu alama ndogo ya duara. Nimelifua mara nne. Mstari umefifia, ila upo, na gauni lile sasa nalivaa na fulana ndefu juu yake.

Nilipompelekea gauni, fundi alinyamaza kwa muda. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha, akasugua uso mweusi wa mkanda wangu: kitambaa kikatoka cheusi. Akasugua uso wa kahawia: karibu hakuna kitu. Ngozi nyeusi ilikuwa imeingia rangi nyingi kuliko iwezavyo kushika, na hakuifuta ya ziada kabla ya kushona. Sasa anasugua kila ngozi mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo anapaka nta na kuzigandisha pamoja. Wangu aliusugua upya. Bado sithubutu kuuvaa na nguo nyeupe. Popote mnaponunua mkanda wa rangi mbili, dukani au kwa fundi, beba leso nyeupe yenye maji. Jaribio ni la nusu dakika, na muuzaji akikataa, ondoka.

Shaba nayo ina tabia zake. Jasho linaiotesha kijani, ndugu wa karibu wa ile malakiti ya mawe ya kijani ambayo mafundi wetu wanachonga mayai na shanga, kwa maana yote mawili hutokana na shaba. Nusu ya ndimu na chumvi kidogo huondoa kijani hicho chote. Suuza, kausha vizuri, paka nta. Naifanya kila baada ya wiki mbili. Nilijua nachukua shaba, na nilitaka shaba. Mimi ni mtoto wa Katanga. Napenda kuona alama za nyundo kwenye kitu ninachokivaa mbele ya wanafunzi wangu.

Ngozi yenyewe imezeeka vizuri. Uso unaobaki ndani hujikunja mikunjo midogo kuzunguka matundu, kwa sababu mkanda ukipinda, nje huvutika na ndani hubanwa. Mimi huvaa mweusi zaidi, kwa hiyo kahawia ndiyo iliyoanza kukunjamana. Nimeanza kuutundika kwa bizimu usiku badala ya kuukunja, na mikunjo haijaongezeka. Ukingo umepakwa kahawia nzito inayokwenda na pande zote mbili, na kwenye mshono sijaona uzi uliokatika.

Wa pili nimeshauagiza, ni wa mdogo wangu aliye Kolwezi. Nyeusi na kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, ulimi wa chuma, matundu 8 kwa sababu yeye nyonga yake imenizidi. Nitauchukua Jumamosi, na leso yangu nyeupe mfukoni.