RAV4 ya 2000 mpaka 2005: sura ya kwanza au sura ya pili, ipi ununue ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Wakuu, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini RAV4 ya kizazi cha pili, ile yenye tairi la spea mgongoni, bado ndio gari ambalo mtu wa kipato cha kawaida analiwaza akitaka kutoka kwenye IST au Premio, manake linapanda Isyonje kwenda Kitulo mvua ikiwa imenyesha, linashuka Kyela kubeba mchele, na Jumapili likioshwa linaingia kanisani bila aibu. Ukienda kulitafuta sasa unakutana na aina mbili, ya sura ya kwanza na ile iliyobadilishwa sura, na dalali akishaona umesimama mbele ya hiyo ya pili tu anakwambia "hii ni nyu modo bosi" halafu bei inaruka hapohapo.

Mimi msimamo wangu ni kwamba sura isikutoe hela nyingi. Hii gari ilitoka Japani Mei 2000, Agosti 2003 Toyota wakaibadilisha, ikaendelea hivyo mpaka 2005 mwishoni kizazi cha tatu kilipoingia. Kilichobadilika ni taa za mbele na za nyuma, shoo, bampa, vitambaa vya siti na vitu vidogovidogo vya ndani. Injini ya zile za Japani, ambazo ndio nyingi hapa kwetu, ni ileile, gia boksi ni otomatiki ya gia nne ileile, na mfumo wa kuvuta tairi zote nne ni uleule. Sasa kuna watu wanasoma mtandaoni kwamba ya 2004 iliwekewa injini kubwa ya 2.4, ni kweli, ila hiyo ni ya Marekani na masoko mengine machache, ya Japani haikuwekewa hiyo 2.4 mpaka mwisho, kwahiyo mtu akikwambia nyu modo ina nguvu kuliko ya mwanzo mwambie afungue boneti muangalie wote.

Kinachotofautisha hizi gari kwa ukweli ni herufi na namba za chasisi. Fungua boneti, angalia kibati kilichopigwa kwenye ule ukuta wa chuma kati ya injini na kioo. Ukikuta ACA21 hiyo ni milango mitano, cc 1998, fo wili, yaani inavuta tairi zote nne. ACA20 ni mkia mfupi, milango mitatu. ZCA26 ni milango mitano lakini injini ni 1.8 na inavuta tairi za mbele tu, ZCA25 ni mdogo wake wa milango mitatu. Hapa ndio watu wengi wanapigwa, kwasababu ZCA26 na ACA21 kwa nje zinafanana kama mapacha, zote zina tairi mgongoni, zote ziko juu, na muuzaji anakwambia fo wili kwa mdomo mkavu. Ukiwa huamini kibati lala chini uangalie, fo wili lazima iwe na propela shafti inayoenda nyuma na difu kati ya tairi za nyuma, kama hakuna hakuna. Na zile herufi L na J kwenye jina la gari zisikuchanganye, zilitofautisha mitandao ya maduka iliyouza gari huko Japani, haimaanishi ndefu wala ya kifahari.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo. ACA21 ya Japani ina 1AZ-FSE, kwenye kava la injini imeandikwa D-4. Hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Uzuri wake ni nguvu na ulaji mzuri wa mafuta ikiwa nzima, ubaya wake ni kwamba petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwahiyo haziogi, masizi yanajijenga pale na kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, mwaka hadi mwaka mpaka gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama, linachelewa kuitika ukikanyaga, asubuhi linagoma kuwaka mara ya kwanza. Halafu pampu yake ya presha haipendi kabisa mafuta machafu. Kama wewe ni mtu wa kuingia vijijini Makete au Ludewa na unaongezea mafuta ya vidumu, hii injini itakusemea. Pampu ikichoka inaweza hata kupitisha petroli kwenye oili, kwahiyo ukikagua vuta kijiti cha oili, kama kiwango kiko juu ya mstari na kinanuka petroli acha hilo gari au kata bei ya pampu kwanza kabla ya kuongea mengine.

Ugonjwa wa pili wa hizi injini za 1AZ ni boliti za silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayokaa juu ya bloku. Bloku ni ya aluminiamu, nyuzi za boliti za upande wa nyuma zinang'oka, hedi inapoteza mkazo, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inaanza kuvuja taratibu kule nyuma ya injini ambako huoni bila tochi. Tambarare gari halisemi kitu. Pandisha mlima ndio utajua. Kwahiyo ukiwa Mbeya usikubali kuzungushwa Kabwe na Soweto ukaambiwa umeshajaribu, chukua barabara ya Chunya upande mpaka Kawetere, kwa Iringa shuka Ipogolo halafu rudi mjini kwa kukanyaga, washa kiyoyozi, angalia mshale wa joto. Ukifika juu fungua boneti, chungulia na tochi nyuma pale hedi inapokutana na bloku, ukiona ukurutu mweupe au wa pinki umekauka ujue hiyo kulanti imekuwa ikitoka muda. Inatengenezeka, fundi anayejua anachimba upya na kuweka nyuzi za chuma, lakini ni kazi ya kushusha hedi, sio ya kumaliza jioni moja. Na ugonjwa huu uko kwa sura zote mbili, ndio maana nasema taa mpya hazikusaidii.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu, baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukiwa Uyole au Njombe asubuhi ndio muda mzuri kuliko wote wa kununua gari, manake injini iliyopoa kabisa haidanganyi. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto rudi kesho. Likiwaka sikiliza mlio wa cheni zile sekunde za kwanza, angalia moshi. Wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli inazidi, mweupe kidogo wa asubuhi ya baridi ni mvuke tu usiogope.

Basi tukipanga, mimi ningepanga hivi.

Namba moja ni ACA21 ya sura ya pili ya 2004 au 2005, lakini kwa sharti kwamba ni ya kweli na haijazidi sana bei ya mwenzake. Sio kwasababu ya sura, ni kwasababu ni changa kidogo, imepungukiwa miaka miwili mitatu ya kutwangwa, na siku ya kuuza inaondoka haraka. Hiyo ya kuuza haraka ni hoja ya kweli, sipingi, mnunuzi wa hapa Tanzania anaangalia sura na herufi ya namba za gari kabla hajaangalia injini.

Namba mbili, na kwa watu wengi naona hii ndio ya kununua, ni ACA21 ya sura ya kwanza ambayo mwenyewe ameitunza. Ile tofauti ya bei unaiweka kwenye kusafisha manifoldi, plagi, oili ya gia boksi, bushi na shokapu, matairi manne mapya, halafu unakuwa na gari zima kuliko la jirani mwenye taa nzuri. Kwa zile za mwanzoni kabisa, 2000 na 2001, uangalie zaidi ubadilishaji wa gia. Zile zilizouzwa Marekani za 2001 mpaka 2003 zilikuwa na shida ya kompyuta ya injini kuharibu ubadilishaji wa gia mpaka Toyota wakaongeza waranti, na ingawa zetu ni za Japani mimi kwa umri huu siwezi kununua yoyote bila kuipima kwa mashine ya kusoma hitilafu na kuiendesha taratibu nikisikilizia kama inashtuka kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili.

Namba tatu ni ZCA26, ile 1.8 ya kuvuta mbele. Wengi wanaidharau ila kwa mtu wa mjini, wa lami tupu, Mbeya kwenda Tunduma au Iringa kwenda Makambako, ni gari la akili. Injini ni 1ZZ, upulizaji wa kawaida sio D-4, ndugu yake ndio iko kwenye Premio na Allion za 1.8, kwahiyo spea zipo na fundi yeyote anaijua. Inachojulikana nacho ni kunywa oili, hasa zile za mwanzoni, kwahiyo unakuwa mtu wa kuangalia kijiti kila wiki. Nguvu haina sana, na ukikumbuka Mbeya mjini tu tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ukijaza watu watano na magunia ya viazi ukapandisha Kitonga utakuwa unatazamana na madereva wa malori. Tope la Tukuyu nalo usilijaribu. Inunue kwa bei ya kuvuta mbele, usiinunue kwa bei ya fo wili.

Milango mitatu, ACA20 na ZCA25, ni za kijana asiye na familia. Nzuri, nyepesi, zinageuka popote, lakini fupi mno, urefu kati ya tairi za mbele na za nyuma ni milimita 2,280 wakati ya milango mitano ni 2,490, kwahiyo barabara ya mawe inakurusha, na kuuza baadae ni kazi.

Nje ya mpango kuna bahati, yaani zile za soko la nje zenye 1AZ-FE bila D-4, kwenye kava hakuna hayo maandishi. Unaweza kukutana nayo imetoka Uingereza, utaijua kwa dashibodi inayosoma maili, nyingi ni manyuo, gia za mkono. Hiyo haina matatizo ya pampu ya presha wala masizi ya kutisha, ikiwa nzima chukua hata kama ni sura ya kwanza, ila lala chini uangalie kutu, kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Boliti za hedi nazo bado ukague.

Za mwisho kabisa, ambazo mimi siwezi kununua hata kwa bei nzuri, ni zile za kuvalishwa sura. Boneti, bampa, shoo na taa za sura ya pili zinatolewa kwenye gari lililokatwa, zinafungwa kwenye gari la 2001, inapigwa rangi, inakuwa "2004". Kuzigundua sio ngumu ukitulia. Angalia boliti zinazoshika boneti na mafenda, vichwa vyake vikiwa vimechubuka rangi ujue spana imepita pale. Angalia nyuma, wengi wanabadilisha mbele tu, taa za nyuma na vitambaa vya ndani vinabaki vya zamani. Halafu vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, kule chini mara nyingi kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa, mkanda wa 2001 kwenye gari la 2004 mwambie muuzaji akueleze vizuri. Namba ya chasisi ilingane na kadi ya gari, na uiingize kwenye tovuti za kusoma chasisi za Toyota uone mwezi na mwaka. Gari za 2003 ndio zina utata wa haki, kwasababu kabla ya Agosti ni sura ya kwanza na baada ya hapo ni ya pili, kwahiyo 2003 yenye sura ya zamani sio kosa na yenye mpya sio lazima iwe feki, mwezi ndio unaamua.

Kwa anayewaza kuagiza mwenyewe badala ya kununua mkononi, sura haikupunguzii ushuru wala haikuongezei, zote zimeshapita miaka 10 kwahiyo zinapigwa ile kodi ya asilimia 30 ya uchakavu, na cc 1998 inakuweka chini ya 2000 kwenye kundi la asilimia 5 la ushuru wa bidhaa. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke mwaka uone jumla, wengi wakishaiona wanarudi kutafuta ya mkononi.

Kitu kimoja kuhusu matairi kwa wa fo wili. Hii gari inavuta nne muda wote, katikati kuna difu na kifaa chenye mafuta mazito kinachokaza tairi zikianza kuteleza. Ukifunga mbele matairi mapya na nyuma yaliyoisha, au saizi mbili tofauti, kile kifaa kinafanya kazi barabara nzima kutoka Mbeya mpaka Dar na kinakufa. Siku ya kujaribu kata usukani mpaka mwisho uzunguke taratibu uwanjani, gari likiwa linajikaza kama limeshika breki au linagonga nyuma, hiyo ni bei nyingine kabisa. Saizi ya kawaida ni 215/70R16, na manne yawe ya aina moja, ukikuta gari limefungwa mawili mawili anza nalo hilo kuomba apunguze.