Roboti ndiyo iliyofungua kiungo, mwongo nikaambiwa ni wakili

Jina la kampuni silitaji, maana naona wana wanasheria wengi kuliko mafundi. Ni moja ya zile huduma za kutumiana nyaraka za siri kwa kiungo kinachojifunga kikishafunguliwa mara moja. Nilianza tathmini hii na nyota mbili, nikafuta. Tutaona itaishia ngapi.

Kazi yangu ni kusimamia mauzo ya biashara. Mwenye kampuni anataka kuuza, mnunuzi anataka kuona vitabu, mimi niko katikati na siri za watu mkononi: hesabu, madeni, mikataba ya wafanyakazi, mishahara ya wakubwa. Vitu hivyo huwezi kuvibandika kwenye barua pepe ukaenda kulala. Ndiyo maana nililipia mpango wao wa juu kabisa, na nililipia kwa ajili ya kitu kimoja tu: orodha ya waliofungua. Nani kafungua, saa ngapi, kasoma kurasa ngapi.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita nikamtumia wakili wa mnunuzi faili ya hesabu. Sijawahi hata kushika simu kumwambia, dashibodi ikaandika kwa kijani: "Imefunguliwa." Nikasema moyoni, wakili huyu ana haraka, biashara itaenda vizuri. Mchana akapiga yeye: "Ndugu yangu, kiungo chako kinasema kimeshatumika. Umempa nani mwingine?"

Mate yalinikauka. Na mwenye kampuni, ambaye alikuwa na ruhusa ya kuiona dashibodi, alikuwa ameshaiona ile kijani. Kwa hiyo yeye anachojua ni kwamba vitabu vyake vimefunguliwa, na aliyetumiwa anaapa si yeye. Hakunipa usingizi. Ujumbe ulikuwa uleule, usiku kucha: "Nani kafungua?" Nikijibu bado naangalia, unarudi: "Nani kafungua?"

Nikaichimba rekodi. Muda wa kufunguliwa: dakika ileile niliyotuma. Kurasa zilizosomwa: sifuri. Mahali: mji ambao wakili hana hata tawi, na anwani ya mtandao ni ya kituo cha data. Anayejua barua pepe za ofisi kubwa ameshacheka hapo. Ofisi hizo huwa na kichujio cha usalama kinachofungua viungo vinavyoingia ili kukagua kama kuna utapeli au virusi, kabla mwenye barua hajaiona. Microsoft wana cha kwao wanachokiita Safe Links, na kampuni nyingine zina vyao. Kichujio kilipita, mfumo ukahesabu "mara moja", mlango ukafungwa. Ni kama mlinzi kuandika kwenye daftari kwamba mgeni ameingia, kumbe ni paka aliyepita chini ya geti.

Kama ingekuwa hivyo tu ningewapa nyota tatu nikaendelea na shughuli zangu. Hitilafu hutokea. Lakini niliongea na huduma kwa wateja.

"Ndugu mteja, mfumo unaonyesha faili imefunguliwa na mpokeaji."

Nikamweleza habari ya kurasa sifuri na kituo cha data.

"Ndugu mteja, tunatumia usimbaji wa AES-256."

Nani amekuuliza? AES ni njia ya kuifunga data isisomwe na asiye na ufunguo, kiwango rasmi cha serikali ya Marekani tangu 2001, huduma nyingi za aina hii zinaitumia. Mimi nimeuliza nani amefungua. Nikamtumia picha ya skrini, nimezungushia ile sifuri kwa wino mwekundu. Akakaa kimya, kisha akaandika neno ambalo hadi leo likinijia nasaga meno: "Inawezekana mpokeaji wako amefungua na hataki kukiri. Hilo ni suala kati yenu."

Yaani wakili aliyepiga simu mwenyewe kulalamika, anaitwa mwongo na mtu ambaye hajasoma mistari mitatu niliyomwekea mbele ya macho! Tiketi ya lalamiko langu ikafungwa, imeandikwa "Imetatuliwa". Nikaifungua. Ikafungwa tena, safari hii na ombi kwamba nimpe mhudumu alama kwa ukarimu wake.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba tatizo lenyewe si geni. Kanuni za wavuti, RFC 2616 ya 1999 na sasa RFC 9110 ya 2022, zinasema waziwazi kuwa ombi la GET, yaani kule kuufungua ukurasa tu, ni la kusoma, halikukusudiwa kubadilisha kitu upande wa seva. Weka ukurasa wenye kitufe cha "Fungua faili", kiungo kijifunge mtu akibonyeza pale. Au mtumie mpokeaji namba ya siri kwenye simu yake. Kazi hiyo haihitaji wahandisi hamsini.

Haya, nisiwaonee. Hakuna kilichovuja, na mnunuzi mwingine alipojitoa nilimnyang'anya ruhusa, faili zikafungika papo hapo. Kila ukurasa unabeba barua pepe ya mpokeaji kwa maandishi hafifu yaliyopita mshazari, hivyo anayetaka kupiga picha anafikiri mara mbili. Faili zinajifuta muda ukiisha, na hilo nalithamini sana: mwaka 2023 kundi la wadukuzi la Clop lilipopenya kwenye MOVEit, programu ya kutumiana faili, lilichokomba ni faili zilizokuwa zimekaa kwenye seva za watu. Isiyokuwepo haiibiwi. Kwa hayo, nyota tatu. Labda hata nne.

Hapana. Ngoja. Siku mauzo yakigeuka kesi, na jaji akataka kujua nani aliona hesabu zile na lini, mimi nitapeleka orodha gani? Hiyo inayoandika jina la wakili palipopita roboti? Upande wa pili utaipasua kwa swali moja. Nililipia ushahidi, nikapewa taa ya kijani. Nyota moja, na hiyo ni ya zile herufi za mshazari.

Akaunti sijaifunga, kuhamisha faili za mauzo manne katikati ya mazungumzo ni balaa jingine. Lakini wewe ambaye hujalipa, omba muda wa majaribio, tuma kiungo kwa rafiki aliye kwenye ofisi yenye kichujio, mwambie asiguse chochote, kisha tazama dashibodi. Ikiandika "Imefunguliwa", waulize huduma kwa wateja nani kafungua, na uje uniambie wamemwita nani mwongo safari hii.