Programu ya duka: kabla hujalipa, angalia kama yale maelekezo ya hatua kwa hatua yanarudi ukiyaita

Mwezi wa tatu nilinunua programu ya mauzo kwa ajili ya duka langu la vipodozi, laki nane kwa mwaka. Siku ya kwanza nilivyoifungua niliipenda mno, maana kulikuwa na vile viboksi vinavyotokea juu ya skrini na mshale, kinakwambia bofya hapa uongeze bidhaa, ukibofya kinahamia kwenye bei, ukijaza bei kinahamia kwenye idadi, mpaka unafika mwisho umeshaingiza bidhaa yako ya kwanza na hakuna mtu aliyekuja kukufundisha. Nikasema hii ndo yenyewe. Nikalipa.

Mwezi wa saba binti niliyekuwa naye dukani akaolewa akahamia Mbeya, nikapata mwingine. Nikamwambia kaa hapo, fungua, itakuelekeza yenyewe. Akafungua, kimya. Hamna kiboksi, hamna mshale. Tukapekua menyu zote, tukaenda kwenye mipangilio, tukaenda kwenye msaada, hamna kitu. Yale maelekezo yalikuja kwangu siku ile moja yakaondoka jumla. Basi binti wa watu akawa anabahatisha, ukaingia mzigo wa losheni katoni 12, kila katoni ina chupa 24, yeye akaandika 12. Yaani chupa 288 zimekuwa 12! Kufika Jumamosi programu inasema losheni ni hasi 61, nikakaa na daftari na risiti mpaka saa nne usiku kuhesabu upya.

Nikampigia aliyeniuzia. Akanijibu, "Dada, yale yanatokea mara ya kwanza tu, kama una mfanyakazi mpya tunakuja kumfundisha, elfu themanini kwa siku." Hilo jibu ndo limenifanya niandike haya yote.

Kwa hiyo hapa sitaongelea ripoti, wala rangi, wala kama inatoa risiti, hayo muuzaji atakuhubiria mwenyewe hata hujamuuliza. Mimi nakomaa na kitu kimoja tu: maelekezo yanarudi ukiyaita? Na yanarudi kwa kila mtu anayeingia, au ni kwa yule wa kwanza tu aliyefungua akaunti? Wafanyakazi wa dukani wanabadilika kila baada ya miezi michache, na hata yule yule aliyezoea, kuna kazi anaifanya mara moja kwa mwaka, kama kuhesabu stoku yote au kufunga mwaka, hiyo lazima ameisahau. Maelekezo ya siku moja hayamsaidii mtu wa namna hiyo hata kidogo.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ukimaliza kupitia vile viboksi, au ukivifunga tu kwa haraka zako, programu inaweka alama kwamba huyu ameshaona. Mara nyingi alama hiyo inakaa sehemu moja kati ya mbili, ama ndani ya brauza yako (ile programu ya kufungulia mtandao, kama Chrome), ama kwenye akaunti yako huko kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa zako. Kama iko kwenye brauza, ukifungua kwa brauza nyingine maelekezo yanatokea tena. Kama iko kwenye akaunti, mpaka utengeneze mtumiaji mpya. Sasa ile programu yangu ilikuwa mbaya kuliko zote, alama waliiweka kwenye kampuni nzima, kwa hiyo hata nilivyomtengenezea binti jina lake la kuingilia, programu ikamhesabu kuwa ameshaona. Ukienda kuonyeshwa programu, mwambie muuzaji atengeneze mtumiaji mpya hapo hapo mbele yako, afunge vile viboksi katikati, halafu avirudishe. Akianza kujiumauma umeshapata jibu.

Na wasikwambie hii ni teknolojia ngeni. Mwaka 1994 Apple walitoa System 7.5, mfumo wa kuendeshea kompyuta zao za Macintosh, ikiwa na kitu kinaitwa Apple Guide, unakwenda kwenye menyu ya msaada unachagua unachotaka kufanya, kompyuta inachora duara jekundu kuzunguka sehemu ya kubofya, kama mwalimu anavyozungushia kwenye daftari, kisha inakupeleka hatua inayofuata. Unaiita muda wowote, hata mara mia. Ni zaidi ya miaka 30 iliyopita hiyo, mimi leo naambiwa nilipie elfu themanini.

Haya, sasa nilizozijaribu, naanza na ninayoipenda.

Ya kwanza ni Odoo, programu ya kuendeshea biashara, na sifichi kwamba naipigia debe. Ni ya Ubelgiji, ilianza 2005 kwa jina la TinyERP, jina la Odoo limekuja 2014. Maelekezo yake ni tone la rangi ya zambarau linalodundadunda juu ya kitu unachotakiwa kubofya, ukilisogelea linakuandikia ufanye nini, na haliendi mbele mpaka umefanya wewe mwenyewe kwa mkono wako. Hiyo tu tayari ni tofauti kubwa na vile viboksi ambavyo unabofya "endelea, endelea" bila kufanya chochote, unamaliza na kichwani hamna kitu. Na yanarudi! Kwenye matoleo kama la 16 na 17 unawasha hali ya wasanidi (yaani ya watengeneza programu, inafungua vitu vilivyofichwa) kule chini kwenye mipangilio, kinatokea kialama cha mdudu juu, ukikibofya kuna sehemu imeandikwa Start Tour, unachagua unayotaka unaanza upya. Toleo la 18 lililotoka 2024 limeenda mbali zaidi, ukiwa msimamizi unaweza kurekodi maelekezo yako mwenyewe, unabofya hatua zako moja moja yenyewe inazishika. Kasoro zake zipo mbili. Ya kwanza, lazima uingie kama msimamizi ndo uyaanzishe, kwa hiyo usimwachie mfanyakazi peke yake. Ya pili, ukiyafuata unatengeneza kitu cha kweli, ankara itabaki kwenye vitabu vyako, kwa hiyo tengeneza nakala ya database, yaani ya taarifa zako zote za humo, kwanza mfanyakazi aharibu huko. Odoo imegawanywa kwenye app, kila moja na kazi yake, ukichukua app moja tu kwenye seva zao hulipi, haijalishi mna watumiaji wangapi, na lile toleo la Community ni bure kabisa ukiwa na mtu wa kukuwekea.

Ya pili ERPNext, nayo ya kuendeshea biashara, ya Wahindi wa kampuni ya Frappe, na ni chanzo huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha. Hii ina kitu kimoja kilichoniteka roho, kinaitwa Form Tour. Unachagua fomu, labda ya kupokea mzigo, unachagua kisehemu kimoja kimoja, halafu unaandika maneno yako kwa Kiswahili chako. Mimi kwenye sehemu ya idadi niliandika: "Andika idadi ya CHUPA, siyo katoni. Katoni moja ni chupa 24." Fikiria ningekuwa nayo mwezi wa saba! Sikuiweka ya kwanza kwa sababu kuisimamisha kunataka fundi wa seva, na mafundi wa seva kila mmoja ana bei yake, anakuangalia usoni kwanza ndo anataja.

Ya tatu nazibeba mbili pamoja, Xero na QuickBooks Online, programu za uhasibu za mtandaoni. Hizi naziheshimu kwa jambo jingine, zina kampuni ya mfano ya kufanyia mazoezi. Xero wanaiita Demo Company, unachezea unavyotaka, baada ya siku 28 inajisafisha na kurudi kama mwanzo, au unaisafisha mwenyewe mapema. QuickBooks nao wana ya kwao ya Kimarekani, ya watu wa bustani, ukifunga brauza kila ulichoandika kinafutika. Kwa mfanyakazi mpya ni nzuri, harudii hatua kwa kuonyeshwa ila anarudia kwa kukosea bila hasara. Ila kila kitu humo ni cha huko kwao, hakuna cha kufanana na duka la Kariakoo.

Loyverse, programu ya mauzo, ni bure kwenye simu, na inauza hata intaneti ikikatika. Kwa genge au kibanda inatosha, sina la zaidi.

Narudi kwa wauzaji wetu kwa sababu bado nina kinyongo. Nilivyomwambia yule kaka aniwekee batani moja tu imeandikwa "rudia maelekezo", alisema hicho ni kipengele kipya, kinatozwa peke yake. Nikamuuliza kijana mmoja anayesomea kompyuta, akanionyesha Driver.js, ni maktaba ya bure, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, ya kutengeneza viboksi hivyo hivyo, mtengenezaji yeyote anaichukua bila kulipa, na batani ya kurudia ni mistari michache ya msimbo, yaani maandishi ya kuiagiza kompyuta. Kwa hiyo kinachouzwa pale ni ile elfu themanini ya mafunzo, kila ukibadilisha mfanyakazi unalipa tena, ndo maana hawana haraka ya kuweka batani. Makampuni makubwa wanajua thamani ya hiki kitu, SAP ya Ujerumani, wanaotengeneza programu za makampuni, 2024 waliinunua kampuni ya WalkMe kwa kama dola bilioni 1.5, na WalkMe kazi yake ni kuweka maelekezo ya namna hii juu ya programu za watu wengine. Sisi tunaambiwa ni pambo la siku ya kwanza. Na ukiomba kwenye mkataba waandike kwamba mafunzo ya mfanyakazi mpya yamo ndani ya bei, wanakwambia tutaongea. Usikubali tutaongea, iandikwe.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu mwakani. Orodha ya bidhaa nimeshaitoa kwenye Excel, ziko 640, nimeziingiza Odoo kwenye nakala ya mazoezi na nimeweka losheni inunuliwe kwa katoni iuzwe kwa chupa. Juzi binti kafuata tone lake mpaka mwisho peke yake, kaingiza katoni tano, stoku ikasoma 120.