Mwalimu Aliyeiruka Adagio ya Mozart

Kozi hii ya fidla kwa njia ya video si ya kudharauliwa, na nilipoilipia mwaka jana nilikuwa na hamu ya kweli. Nilitaka kufundishwa namna ya kuifasiri na kuipiga jukwaani Konseto ya 5 ya Mozart, muziki wa fidla ikisindikizwa na okestra, ile ya A meja, namba K. 219 katika orodha ya kazi zake, aliyoitunga mwaka 1775 akiwa na umri wa miaka 19. Nota zenyewe nilikuwa nimekwisha kuzizoeza vidole. Nilichokosa ni mtu wa kunieleza kwa nini kila moja imewekwa pale ilipo.

Anayeijua konseto hii anajua maajabu ya mwanzo wake. Okestra hufungua kwa uchangamfu, msikilizaji akangoja fidla iingie kwa mwendo ule ule, lakini Mozart huusimamisha: fidla inaingia na Adagio, yaani sehemu ya mwendo wa polepole, ya vipimo sita tu vya muziki, juu ya mnong'ono wa fidla za okestra, kisha kasi inarudi na mpigaji anapewa melodi mpya inayopaa juu ya ile iliyopigwa na okestra hapo awali. Ni kwa ajili ya vipimo hivyo sita nilitoa pesa zangu.

Katika mojawapo ya masomo ya mwanzo, nilipokuwa bado kwenye nota ya kwanza ya Adagio, mwalimu aliinua mkono na kusema, "Hapo ruka, watahini hawasikilizi sehemu hiyo. Nionyeshe kasi." Nilimwuliza kwa adabu iwapo nota ndefu zitetemeshwe kwa kidole au ziachwe wazi, kwa kuwa Leopold Mozart, babake mtunzi, katika kitabu chake cha kufundishia fidla cha mwaka 1756, aliwakemea wanaotetemesha kila nota kama wagonjwa. Hilo ni swali la msingi kwa yeyote anayeupiga muziki wa zama zile. Alinijibu, "Wewe piga nilivyokuonyesha," akatazama saa yake.

Yaliyofuata juu ya kadenza, pale okestra inaponyamaza na mpigaji akapiga peke yake, yalinikera zaidi. Mozart hakutuachia kadenza ya konseto hii, na enzi zake mpigaji alitarajiwa kuibuni mwenyewe. Nilikuwa nimetunga yangu, fupi, iliyojengwa juu ya melodi ile ya Adagio. Hakuniacha niimalize, aliniamuru nitumie ya mpiga fidla Joseph Joachim, ambayo ni nzuri sana, sikatai, lakini ni ya mtu aliyezaliwa mwaka 1831, Mozart akiwa amefariki takribani miaka 40 kabla. Mwalimu anayemfunga mdomo mwanafunzi mahali pale pale ambapo mtunzi alimwachia nafasi ya kusema hafai kulipwa, na nilikusudia kuandika hivyo tu: msijiunge.

Hata hivyo, haki inanilazimu kumtaja mama anayesindikiza kwa piano katika kozi hiyo hiyo. Kabla ya Adagio alininyamazia, kisha akaniuliza, "Uko tayari kuingia, au bado unasikiliza?" Swali hilo lilinifundisha zaidi ya masomo yote ya mwenzake. Tulipofika sehemu ya A maina katika muvumenti, yaani sehemu kuu, ya mwisho, ile ya mtindo wa Kituruki, alinieleza kwamba sello na besi hapo hugonga nyuzi kwa mti wa upinde, kwa hiyo nisiitafutie sauti laini, niukaze upinde. Kwa ajili yake ningesema jiungeni, tena upesi.

Lakini shule humhesabu yeye kuwa nyongeza ya dakika chache, na ada karibu yote huenda kwa mwalimu. Nilipolalamika, ofisi ilinijibu kwamba mwalimu huyo ana sifa kubwa, bila kugusa hata neno moja la malalamiko yangu. Basi atakayejiunga adai kwa maandishi saa za mpiga piano, na akinyimwa asilipe. Konseto nimekwisha kuipiga mbele ya watu, Adagio nzima na kadenza yangu mwenyewe, na ada ya yule mwalimu bado naidai.