Anti-CD77 Lubumbashi: miezi minane na chupa niliyotaka kuirudisha

Nina miezi minane nikitumia kwenye maabara yetu kingamwili ya anti-CD77 (inayoshika alama ya CD77 juu ya seli), kloni 5B5, yaani toleo lake, iliyounganishwa na FITC, rangi inayong'aa kijani ikimulikwa. Naipenda. Lakini wiki tatu za mwanzo tuliilaumu bure.

Tuliiagiza kwa ajili ya watoto wanaoletwa na taya limevimba. Ugonjwa huo, saratani ya limfosaiti B (aina ya chembe nyeupe za damu), daktari Denis Burkitt aliuandika akiwa Kampala mwaka 1958, na mwaka 1981 watafiti wa Ufaransa walitangaza kingamwili inayozishika seli zake. Alama yenyewe ndiyo CD77. Kwa mtu mwenye afya, kati ya chembe nyeupe, utaikuta hasa kwenye limfosaiti B zinazokomaa ndani ya tonsili na tezi za limfu. Jibu la mwisho ni la daktari wa patholojia; sisi tunamwongezea ushahidi tu.

Sasa, CD77 si protini. Ni mafuta yaliyobeba sukari tatu kichwani. Nililijua hilo tangu shuleni, ila mikono ina mazoea yake: slaidi ikikauka, methanoli, kama tunavyofanya kila asubuhi kwa malaria. Methanoli huyaondoa mafuta, na alama inaondoka nayo. Slaidi zikatoka nyeusi tii, bila mwanga wowote. Kwa kuwa boksi lilifika barafu imeshayeyuka, tukaamini chupa imekufa njiani, nikamwandikia muuzaji barua kali.

Kilichotufungua macho ni tonsili ya mtoto aliyefanyiwa upasuaji. Niliisugua kwenye wavu juu ya barafu, seli zikatoka kama maji ya kuoshea mchele. Nikazipaka kingamwili zikiwa bado hai, nusu saa gizani kwenye baridi, nikaosha mara mbili. Hakuna alkoholi, hakuna asetoni, hakuna sabuni. Nikaziweka chini ya hadubini ya LED, ileile ya makohozi ya kifua kikuu, maana mwanga wake wa buluu unaiwasha FITC pia. Pete nyembamba za kijani! Moja hapa, tatu pale, na katikati yake seli nyingi zisizo na kitu.

"Mama, kuya uone," nikamwita mkuu wetu wa zamu. Aliinama muda mrefu bila kusema. "Basi chupa haina kosa," akasema.

Karatasi ya maelekezo haikutaja methanoli hata mara moja. Hilo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa. Mstari mmoja ungetuokolea wiki tatu.

Mengine ya kujua: hii ni IgM, aina kubwa ya kingamwili. Ukinunua isiyo na rangi, utahitaji kingamwili ya pili yenye rangi ya kuishika; ile inayoshika IgG (aina nyingine ya kingamwili) peke yake haitaiona. Kingamwili ya kulinganishia, isiyolenga CD77, nayo iwe IgM. Ina mikono kumi, kwa hiyo hupenda kugandanisha seli. Mimi huizungusha chupa kwenye sentrifuji kidogo kabla ya kuchota, na huchanganya seli taratibu.

Itunzwe kwenye nyuzi 2 hadi 8, isigande. Umeme ukikatika tunaihamishia kwenye thermos, imefungwa kitambaa isiguse barafu.

Bei inauma. Maelekezo yanataka maikrolita 20 kwa kipimo. Kwenye tonsili, 10 zilinipa mwanga uleule. Jaribu kwanza kwa seli zako mwenyewe. Chupa ya pili nimeiagiza kwa muuzaji yuleyule, na barua ya kumwomba radhi nimeitanguliza.