Canon EOS 5D Mark II mbele ya slaidi: je, picha za akiba bado zinahitaji filamu?

Anayepiga picha za akiba, yaani zile zinazowekwa kwenye maktaba ya picha zikimsubiri mnunuzi ambaye bado hajulikani, hana haja ya kubishania uzuri wa filamu, kwa kuwa mnunuzi hapelekewi filamu bali faili. Ndiyo maana nilipoipima Canon EOS 5D Mark II, kamera iliyotoka mwaka 2008, sikuilinganisha na slaidi (filamu ambayo picha yake huonekana moja kwa moja katika rangi zake halisi) ya Velvia, filamu ya Fujifilm, iliyo juu ya meza ya mwanga, ambako kila mtu huisifu, bali na slaidi hiyohiyo baada ya kupitishwa kwenye skana.

Fremu ya filamu ya milimita 35 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24, na skana ya nukta 4,000 kwa inchi huitoa ikiwa na pikseli zipatazo 5,669 kwa 3,780. Kamera hii, ambayo kihisi chake kinalingana na fremu hiyo, hutoa 5,616 kwa 3,744. Lenzi nilizotumia ni zilezile, kwa hiyo hapakuwa na kisingizio.

Nilipozikuza hadi ukubwa kamili, anga ndiyo iliyoamua. Kwenye skana, buluu ilikuwa na chembechembe kama mchanga uliomwagwa juu ya kitambaa, pamoja na unywele na vumbi ambavyo kuviondoa kulinila karibu saa nzima. Kwenye faili la kamera anga ilikuwa safi, na hata maandishi ya kibao kilichokuwa mbali yalisomeka, ilhali kwenye slaidi herufi zilikuwa zimemezwa. Idadi ya pikseli inakaribiana, lakini nyingi za skana zinachora chembe za filamu tu, si kilichopigwa picha.

Sikuwa na uhakika huo kwa EOS-1Ds, kamera nyingine ya Canon ya mwaka 2002, kwani megapikseli zake 11 zilitoa faili la megabaiti 33 hivi likiwa halijabanwa, na lililazimika kutanuliwa pale maktaba ilipodai karibu 50. Faili la 5D Mark II lina megabaiti 63, nalo linatosha ukurasa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi bila kuongezwa chochote.

Kasoro zipo. Ukiviangaza mno vivuli, mistari hujitokeza, na mkaguzi makini ataikataa picha hiyo. Vituo vya kulenga ni 9 tu, na vya pembeni ni dhaifu. Mawingu yaliyopigwa na jua kali pia huungua upesi, yaani hugeuka meupe matupu, jambo ambalo filamu ya negativu (ile ambayo rangi zake hugeuzwa kinyume) hulistahimili vizuri zaidi, ingawa slaidi haistahimili.

Kwa milimita 35, basi, sinunui tena slaidi kwa kazi hii. Nimebakiza chache za filamu kubwa zaidi, ya sentimita 6 kwa 7, kwa mandhari ambayo mteja anaweza kutaka kuyachapa yajaze ukuta.